Uzi: Skima ya protini kwenye tangi la matumbawe ichaguliwe kwa chakula kinachoingia, si kwa lita za maji

Mchunga_Matumbawe:

Habari zenu wanajukwaa. Swali linaloulizwa mara nyingi na wanaofuga matumbawe nyumbani ni hili: tangi langu lina lita kadhaa, je, ninunue skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) ya ukubwa gani? Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia pasipofaa, na ningependa tulijadili kwa kina, kwa sababu watu wengi hununua mashine kwa kusoma idadi ya lita iliyoandikwa kwenye boksi, kisha huhangaika nayo kwa miezi wakirekebisha vali juu na chini, ilhali mashine yenyewe haina kasoro yoyote.

Tuangalie kwanza inavyofanya kazi. Katika maji ya tangi mna mabaki ya kila aina: ute wa matumbawe, kinyesi cha samaki, majimaji yanayotoka kwenye chakula kilichogandishwa, na seli za mwani zilizokufa. Molekuli nyingi za mabaki hayo zina pande mbili, upande mmoja unaovutwa na maji na upande mwingine unaoyakwepa. Molekuli ya namna hiyo ikikutana na kiputo cha hewa hujibandika juu yake, ule upande unaoyakwepa maji ukielekea ndani kwenye hewa na wa pili ukibaki majini. Skima ni bomba ambamo hewa iliyosagwa kuwa viputo vidogo huchanganywa na maji ya tangi. Viputo hupanda hadi kwenye shingo, maji yaliyo katikati yake huchuruzika na kurudi chini, na povu zito lililosalia, ambalo limebeba uchafu, humwagikia kwenye kikombe kilicho juu. Ndilo povu lile la kahawia ambalo mawimbi huliacha ufukweni baada ya upepo mkali.

Chumvi ina mchango mkubwa katika kazi hii, kwani huzuia viputo vidogo visiungane na kuwa vikubwa. Ndiyo maana skima inayofanya kazi vizuri kwenye maji ya bahari, yenye chumvi ya kiasi cha sehemu 35 kwa 1,000, haitoi povu la maana ikiwekwa kwenye tangi la nyumbani la maji yasiyo na chumvi. Viputo vikiwa vidogo, jumla ya eneo ambalo uchafu unaweza kujibandika huwa kubwa zaidi kwa kiasi kilekile cha hewa, na vilevile hupanda polepole, kwa hiyo hukaa na maji kwa muda mrefu zaidi. Skima nyingi za siku hizi hutumia pampu ambayo impela yake, yaani gurudumu linalozunguka ndani, ina vijiti vidogo vingi badala ya mapanga, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoikatakata hewa inayovutwa kupitia mrija.

Jambo ambalo ningependa tulikazie zaidi ni lile ambalo skima haiwezi kulifanya. Amonia, naitreti na fosfeti iliyoyeyuka ni ioni ambazo hazina upande unaoyakwepa maji. Haziwezi kujibandika kwenye kiputo, na skima haiziondoi hata iwe na nguvu kiasi gani. Kazi ya skima ni kukamata protini na mafuta kabla bakteria hawajavivunjavunja kuwa amonia, na hatimaye kuwa naitreti. Kwa hiyo mtu mwenye naitreti ya miligramu 50 kwa lita ambaye leo anafunga skima mpya akitarajia kipimo kishuke wiki ijayo atasikitika, kwa kuwa kilichokwisha kuoza kinahitaji njia nyingine: kubadilisha maji, mwani wa kuvunwa, au bakteria wanaolishwa kwa makusudi. Skima itapunguza kinachoongezeka kuanzia siku hiyo, basi.

Hata katika kile inachokiweza, ina kikomo. Mwaka 2009 Ken Feldman, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vya skima za aina mbalimbali, na wakaonyesha kwamba mashine hizo ziliondoa takribani asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni ogania (kaboni iliyomo katika mabaki ya viumbe) iliyoweza kupimwa majini. Sehemu iliyobaki haikushikwa na viputo hata mashine ilipoachwa iendelee kufanya kazi. Tofauti kati ya mashine moja na nyingine ilikuwa ndogo kuliko matangazo ya wauzaji yanavyotufanya tuamini. Mimi huona matokeo hayo kuwa habari njema kwa mfugaji, kwa maana yanamwondolea wasiwasi wa kukimbilia mashine kubwa zaidi kila mwaka. Sehemu isiyoshikwa na povu itachukuliwa na mkaa wa kuchujia, na bakteria wa kwenye mawe hai (mawe ya miamba yenye viumbe wadogo ndani yake), na ndoo ya maji mapya.

Sasa turudi kwenye ukubwa. Chukua matangi mawili yenye lita 300 kila moja. La kwanza lina samaki wawili wadogo wanaolishwa chembe chache mara moja kwa siku, na matumbawe laini machache. La pili lina samaki wakubwa wa jamii ya kangaja, matumbawe magumu yaliyosongamana, na mwenyewe hulisha mara tatu au nne kwa siku. Maji ni yaleyale kwa kipimo cha lita, lakini uchafu unaoingia la pili unaweza kuwa maradufu kadhaa ya unaoingia la kwanza. Watengenezaji waangalifu huandika viwango viwili au vitatu, kwa tangi lenye mzigo mdogo, wa kati na mzito, na ni wajibu wa mnunuzi kusoma kile cha mzigo mzito badala ya ile namba kubwa inayovutia macho.

Kosa la upande wa pili, yaani kununua skima kubwa kupita kiasi, halizungumzwi vya kutosha. Povu husimama kwa sababu protini zimeyashikilia makuta ya viputo. Shingo ikiwa pana na uchafu ukiwa kidogo, povu hupanda nusu ya shingo kisha hupasuka kabla ya kufika kwenye kikombe. Mwenye tangi akiona kikombe kikavu huongeza kina cha maji ndani ya mashine. Usiku samaki wakishalishwa vizuri povu hupanda ghafla na kikombe hujaa maji yasiyo na rangi. Asubuhi hupunguza, na mzunguko huanza upya. Skima ndogo inayotoa povu zito la kahawia kila siku bila kuguswa ina manufaa zaidi kuliko kubwa inayofanya kazi kwa vipindi.

Naomba michango na maswali.

Nahodha_wa_Sampu:

Shukrani kwa uzi huu, mkuu. Skima yangu ni mpya, na kwa muda wote tangu niifunge imekuwa ama haitoi kitu kabisa au inafurika. Juzi nilipachika vipande vya matumbawe kwenye mawe kwa gundi ya epoksi, na tangu hapo povu halishikiki. Kikombe hujaa maji meupe ndani ya dakika chache. Je, niirudishe kwa muuzaji?

Mchunga_Matumbawe:

Usiirudishe, ndugu. Mambo hayo mawili yana sababu tofauti na yote hupita.

Skima mpya huwa na mabaki ya mafuta ya kiwandani kwenye plastiki yake, nayo huvuruga povu hadi kuta za ndani zitakapopata utando mwembamba wa bakteria na uchafu. Ukiiosha kwa siki iliyochanganywa na maji kabla ya kuifunga muda huo hupungua, lakini bado utahitaji siku kadhaa, na wakati mwingine wiki mbili au tatu, kabla haijatulia. Katika kipindi hicho iache vali yake wazi, kina cha maji kikiwa chini, na usiirekebishe zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu kila badiliko huhitaji saa kadhaa ndipo lionyeshe matokeo yake halisi.

Epoksi nayo, inapokuwa inakauka majini, hutoa vitu vinavyolifanya povu liwe jepesi na jingi kupita kiasi. Vivyo hivyo dawa za kuondoa klorini, baadhi ya dawa za samaki, na sabuni iliyobaki mikononi au kwenye ndoo. Izime, au iache ikifanya kazi kikombe kikiwa kimeondolewa ili hewa iendelee kuingia, weka mkaa mpya wa kuchujia, na kama una maji ya chumvi yaliyo tayari badilisha sehemu kidogo. Kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili. Usishangae pia ukiona kinyume chake baada ya kulisha au baada ya kuingiza mkono tangini: povu hudidimia kabisa kwa saa chache kwa sababu mafuta ya chakula au ya ngozi huyapasua makuta ya viputo, kisha hurudi lenyewe.

Kagua vilevile kina cha maji katika chumba cha sampu (tangi la chini lenye vifaa vya kuchujia) ambamo skima imesimama. Mashine nyingi za ndani ya sampu hutaka kina cha kati ya sentimita 18 na 25, kila moja ikiwa na maelekezo yake, na kina hicho hakipaswi kubadilika. Ikiwa skima imewekwa katika chumba cha mwisho, kile chenye pampu ya kurudisha maji juu, basi kila maji yanapovukizwa kina hushuka na povu hushuka nacho. Iweke katika chumba ambacho ukuta wake hulazimisha maji kubaki kwenye kimo kimoja, au iinue kwa kigoda cha plastiki hadi kina kilingane na maelekezo.

Bi_Mwani:

Nakubaliana na mengi uliyoandika, kaka, ila sipendi wasomaji wapya waondoke na imani kwamba bila skima hakuna tangi la matumbawe. Njia ya Berlin, iliyoenezwa na wafugaji wa Ujerumani, ilijengwa juu ya mawe hai na skima yenye nguvu, na ni kweli ilifungua mlango wa kufuga matumbawe magumu nyumbani. Hata hivyo Profesa Jean Jaubert huko Monaco alikuza matumbawe kwa kutumia tabaka nene la mchanga lililowekwa juu ya nafasi tupu ya maji, bila skima, na Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian alitumia mwani uliooteshwa kwenye nyavu zilizomulikwa taa na kuvunwa kila baada ya siku chache. Mimi mwenyewe ninatumia mwani wa ketomofa katika sampu, na matumbawe yangu laini yamenawiri.

Hoja yangu kubwa ni kwamba skima haichagui. Inachukua uchafu, lakini inachukua pia vijidudu na chembe ambazo matumbawe, minyoo ya mirija na viumbe wengine wanaochuja maji wangekula. Tangi linalochujwa mno huwa na maji ang'avu na matumbawe yaliyopauka.

Mchunga_Matumbawe:

Dada, hoja yako ni ya kweli na inastahili nafasi yake. Timu hiyohiyo ya Feldman ilihesabu baadaye bakteria wanaoelea katika maji ya matangi, na ikaona kwamba matangi yenye skima yana bakteria wachache mno yakilinganishwa na maji ya miamba ya matumbawe baharini, kiasi cha sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba skima hupunguza chakula. Jibu langu kwa wanaolisha matumbawe chembe ndogondogo ni kuizima skima wakati wa kulisha na kuiwasha baada ya saa moja au mbili, kwa kutumia swichi ya muda badala ya kutegemea kumbukumbu, kwani skima iliyosahauliwa ikiwa imezimwa usiku kucha ni hatari kuliko chakula kilichopotea.

Hatari hiyo inatokana na kazi ya pili ya skima, ambayo kwangu mimi ina thamani sawa na ya kwanza, nayo ni kuingiza hewa. Skima ya kawaida huvuta mamia ya lita za hewa kila saa na kuzichanganya na maji kwa ukaribu ambao hakuna kifaa kingine cha tangini kinaufikia. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, matumbawe, mwani, samaki na bakteria wote hutumia oksijeni na hakuna anayeizalisha. Tangi lenye samaki wengi na mfuniko juu yake linaweza kufika alfajiri likiwa na oksijeni kidogo mno, na skima ndiyo hulivusha. Njia ya mwani ina jibu lake hapa, yaani kumulika sampu usiku wakati tangi la juu liko gizani, na ninaamini ndivyo unavyofanya.

Kuna hali moja ambayo ningesisitiza skima iwepo bila mjadala: pale mtu anapoongeza kaboni majini kwa vodka, siki au vidonge maalumu ili bakteria waongezeke na kula naitreti na fosfeti. Bakteria hao hutumia oksijeni nyingi, na wasipotolewa majini watakufa humohumo na kurudisha walichokula. Skima ndiyo inayowatoa na ndiyo inayorudisha oksijeni. Kipimo kikipandishwa haraka maji hugeuka kuwa na rangi ya maziwa, samaki huanza kuhema juu, na tangi lisilo na skima wakati huo huwa limebakiza muda mfupi sana.

Kwa upande mwingine, tangi dogo la lita 40 au 60 lenye samaki mmoja na matumbawe laini halihitaji mashine hii. Kubadilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki hutoa uchafu wa kila aina, pamoja na naitreti ambayo skima isingeigusa, na hurudisha madini.

Fundi_wa_Povu:

Naongezea kuhusu hewa. Skima huingiza hewa iliyomo chumbani, na chumba kilichofungwa chenye watu wengi huwa na kabonidayoksaidi nyingi kuliko nje. Gesi hiyo huyeyuka majini na kushusha pH, yaani huyafanya maji yaelekee kwenye asidi. Wenye tangi ambalo pH yake haivuki 7.9 hata taa zikiwa zinawaka wajaribu kurefusha mrija wa hewa wa skima hadi nje ya dirisha. Mara nyingi hupanda hadi 8.1 au 8.2 bila kuongeza kemikali yoyote. Mahali ambapo hewa ya nje haifikiki, kuna kopo lenye punje za chokaa ya soda ambalo hufungwa kwenye mrija huo. Punje hunyonya kabonidayoksaidi na hubadilika rangi zinapokwisha nguvu. Angalieni tu mrija usiwe mwembamba au mrefu mno, kwani hewa ikipungua povu nalo hupungua.

Kuhusu usafi, shingo ndiyo inayosahauliwa. Baada ya siku mbili tatu hujengeka utando wa mafuta wa rangi ya kahawia kwenye kuta zake za ndani, na povu likifika hapo huvunjika. Kuipangusa kwa kitambaa safi kisicho na sabuni huchukua dakika moja, na tofauti huonekana siku hiyohiyo. Mdomo wa hewa karibu na pampu nao huziba kwa chumvi iliyoganda. Ukiziba mwisho wa mrija kwa kidole wakati mashine inafanya kazi unapaswa kuhisi mvuto ulio wazi. Ukiwa hafifu, tumbukiza mwisho wa mrija katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi na uiache mashine iyanywe kwa sekunde chache. Chumvi itayeyuka na sauti ya hewa itarudi. Pampu yenyewe ifunguliwe kila baada ya miezi michache na kulowekwa kwenye siki, ili chokaa iliyoganda kwenye impela itoke.

Nahodha_wa_Sampu:

Ahsanteni sana, nimeielewa mashine yangu vizuri zaidi. Swali la mwisho: niiweke itoe uchafu mzito na mkavu au mwepesi na wa majimaji? Nina kifaa kinachojaza chenyewe maji yaliyovukizwa.

Mchunga_Matumbawe:

Kwa tangi lenye mzigo wa kati ningechagua uchafu wenye rangi ya chai nzito, ulio katikati. Ukiwa mweusi kama gundi, mashine inaacha mengi yarudi majini. Ukiwa na rangi hafifu, unatupa maji ya chumvi.

Hapo ndipo kifaa chako cha kujaza maji kinapohitaji uangalifu, kwani hakiwezi kutofautisha kati ya maji yaliyovukizwa na maji yaliyotolewa na skima. Kila nusu lita ya majimaji inayoingia kwenye kikombe hujazwa kwa nusu lita ya maji yasiyo na chumvi. Katika tangi la lita 200, nusu lita kwa siku kwa muda wa siku 30 hushusha chumvi kutoka 35 hadi karibu 32.5, na matumbawe magumu yatakuwa yameshaanza kulalamika. Skima ikifurika usiku na kumwaga lita 30 sakafuni, na kifaa kikazijaza zote, utaamka chumvi ikiwa chini ya 30.

Pima chumvi kila wiki kwa rifraktomita iliyosahihishwa, na rudisha kiasi kilichotoka kikombeni kwa maji ya chumvi, si kwa maji matupu. Chombo cha maji ya kujazia kiwe kidogo, cha kutosha siku mbili au tatu tu, ili hata kikimwagika chote madhara yawe na mpaka. Na kama unaunganisha kikombe na chombo cha nje kwa mrija, weka ndani ya chombo hicho swichi ya kielea inayokata umeme wa skima chombo kinapojaa. Ijaribu kwa mkono kabla ya kuitegemea, kisha uijaribu tena kila unapoosha shingo.